Nyuma ya Pikapu ya Baba Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Nimenunua daftari hili sokoni Kyela nikamwambia muuzaji ni la mapishi, lakini ni la kumwandika mume wangu. Mume wangu. Bado nikiliandika neno hilo nasikia joto mashavuni. Tulifunga ndoa Januari katikati ya matope, na gauni langu lilikuwa jeupe kuanzia magotini kwenda juu tu. Jubilate alinibeba kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye gari, akateleza, hakuniangusha. Hapo hapo nikajua sikukosea.

Tunaishi Katumba Songwe, nyumba ndogo uani kwa wazazi wake. Mama mkwe ananipenda, nadhani. Baba mkwe sijui, maana sijawahi kumtazama usoni. Katika ukoo huu heshima ya mkwe bado ni ile ya zamani: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chini ya paa moja, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Hata hapa sitaliandika. Akipita njiani najibanza kwenye migomba na kujifunika khanga. Kwetu Matema, mama yangu anakofinyangia vyungu, mambo hayo tuliyasikia kwa bibi tu. Nilimwambia mama mkwe kwamba Rut wa kwenye Biblia, ambaye jina lake ndilo langu, aliishi vizuri sana ukweni. Akanijibu huku anapepeta mchele, "Yule alikuta baba mkwe ameshakufa, mwanangu. Ndiyo maana mambo yake yalikuwa mepesi."

Kwa hiyo baba mkwe namjua kwa miguu. Viatu vyeusi vya kanisani, buti za mpira za shambani, kandambili za bluu akiwa nyumbani. Usoni yukoje, sielewi hata pa kuanzia kumwaza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Jubilate amerudi kutoka gereji ananuka mafuta ya giaboksi. Hata hayo nayapenda.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeelezwa kisa cha pikapu, na moyo wangu haujatulia.

Baba mkwe aliendesha malori miaka mingi, akipandisha mizigo ya bandari ya Itungi kwenda Mbeya. Klachi za malori yale zilimla goti la kushoto. Siku za baridi linavimba. Mwaka jana Jubilate alimwonea huruma, akaitoa giaboksi ya pikapu ya baba yake na kuweka ya otomatiki, ya zamani, iliyotoka kwenye gari lililokufa. Pedali ya klachi akaing'oa kabisa. Pedali ya breki akaweka ya lile gari lililokufa, pana kama kibao cha kukatia nyama. Yote ili baba asitumie tena mguu ule. Niliposikia hivyo nilimpenda upya mwanamume huyu, kana kwamba nilikuwa nimeacha.

Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo pikapu haijawahi kupanda mlima wa kwenda Tukuyu bila kuchemsha mafuta ya giaboksi na kusimama njiani. Baba mkwe amesema hivi: kama mpaka mpunga uvunwe haijapanda mlima na mzigo, inauzwa chuma chakavu, na Jubilate anakwenda Tunduma kwa kaka yake Hezroni, akajifunze ufundi upya.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe unabaki na mama mpaka nipate pa kukuweka."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Jubilate hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba anieleze ugonjwa wa gari, nijue ni adui gani anataka kuninyang'anya mume. Alichukua vibakuli viwili vya uji akavielekeza vitazamane.

"Kati ya injini na giaboksi kuna konveta. Ndani yake kuna vitu viwili kama feni, vinatazamana hivi. Kimoja kinazungushwa na injini, kingine kinapeleka nguvu kwenye magurudumu. Katikati ni mafuta tu. Havigusani."

"Kama havigusani, gari linaendaje?"

"Mafuta yanasukuma. Lakini kwa kuwa havigusani, kimoja kinabaki nyuma ya mwenzake kidogo, na mafuta yanapata joto. Mlimani yanachemka. Kwa hiyo humo ndani kuna klachi ndogo. Gari likikolea mwendo, inavikamata vyote viwili viwe kitu kimoja, joto linakwisha. Tunaiita lokapu. Kule ilikotoka iliamriwa na kompyuta. Kwetu hakuna kompyuta. Kuna mimi na waya."

Nikasema ni kama ndoa. Akasema si kama ndoa, ni kama konveta. Kisha akanibusu na uji ukiwa bado mdomoni, kwa hiyo sijui ni kama nini.

Jumanne, 11 Machi

Jubilate amefunga swichi ya kuiamuru lokapu. Pikapu imekamata vizuri, halafu alipotaka kusimama sokoni injini ikazima katikati ya bajaji. Wakamtukana mpaka ukoo.

"Imekataa kuachia," akasema. Sikuelewa kwa nini kitu tunachokitaka kikamate kinatakiwa tena kiachie.

Alhamisi, 13 Machi

Sasa nimeelewa kidogo. Ukitaka kusimama, lokapu lazima iachie, la sivyo magurudumu yanaiua injini. Kwa hiyo Jubilate ameuunga waya wake na waya wa taa za breki. Taa za breki zikiwaka, lokapu inaachia. Zikizimika, inakamata tena. Ametafuta hiyo njia yeye mwenyewe, kichwani mwake, mume wangu.

Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya pikapu na mwavuli na kusema, "Imewaka. Imezima. Imewaka." Mama mkwe alipita na ndoo akauliza, "Mnacheza nini?" Nikamwambia tunatengeneza giaboksi. Akatazama taa, akanitazama mimi, akasema, "Siku hizi giaboksi iko nyuma," akaenda zake.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu harusi. Baba mkwe alikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, kwa hiyo niliruhusiwa kukaa mbele. Tulikwenda mpaka Itungi. Bandarini hapakuwa na meli, ziwa lilikuwa la kijivu, na mume wangu alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine uko na wangu.

Kwenye tambarare sauti ya injini ilishuka ghafla, kama mtu aliyekuwa amesimama akapata kiti.

"Umeisikia? Imekamata."

Nikasema nimeisikia. Nilichosikia hasa ni mapigo ya moyo wangu, lakini sikutaka kumvunja nguvu. Amefunga pia geji ya joto la mafuta ya giaboksi. Mshale haukusogea kwenda wala kurudi. Baba mkwe akiambiwa atafurahi. Jumamosi ijayo wanapanda mlima, na Tunduma nimeshaisahau.

Jumamosi, 22 Machi

Sielewi. Naandika na khanga mbichi mabegani, na sielewi.

Baba mkwe alisema ataendesha mwenyewe, maana mlima ule aliujua kabla Jubilate hajazaliwa. Jubilate akakaa pembeni kulinda geji. Mimi nikataka kwenda. Kama furaha inatokea nataka niwepo. Nikasema nitakaa nyuma kwenye bodi, juu ya magunia ya kokoa. Mama mkwe akakataa.

"Gari ni nyumba yenye matairi. Utakaaje na baba mkwe wako nyumba moja?"

"Bodi haina paa, mama."

"Ina sakafu."

Basi nikapanda bodaboda ya Aliko, binamu yake Jubilate, ambaye haachi kusema hata akinywa maji. Mvua ilikuwa kubwa. Aliko akageuka, "Shemeji, tunasindikiza harusi au msiba?" Nikamwambia atazame mbele. Mbele palikuwa na taa mbili nyekundu za pikapu, ziking'aa kupitia mvua njia nzima, nami nikazifuata kama mamajusi na nyota yao. Niliona ni jambo zuri baba mkwe kutuwashia taa ili tusipotee. Nikafikiri, labda ananipenda kidogo.

Kabla ya kufika kona kubwa pikapu ikasimama na kutoa moshi chini. Tulijibanza mbali. Miguu ya baba mkwe ikashuka, buti za mpira, ya kushoto ikichechemea. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Umeniharibia gari, mwanangu." Jubilate alikuwa na koti la mvua la baba yake mkononi. Baba huwa analitandaza magotini akiendesha, goti lisipate baridi. Mume wangu alilishika koti lile kama mtoto aliyekabidhiwa kitu asichojua pa kukiweka.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani hatukuimba, sisi wawili. Tulifungua midomo tu.

Jumatano, 26 Machi

Amekagua waya wote. Ni mzima. Tukaenda Itungi tena. Imekamata, imeachia, mshale umetulia. Nikamwuliza, "Gari linaweza kumchagua mtu?" Akasema gari ni chuma. Baadaye kidogo akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini umeuliza hivyo?"

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mto Songwe umepanda. Mama mkwe amehamisha kuku.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Jubilate amempandisha Aliko na mawe ndani ya bodi, wakapanda mlima wao wawili. Haikuchemka. Amerudi anacheka na kunizungusha uani mpaka mama mkwe akakohoa. Jumamosi baba atajaribu tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Imechemka tena. Pale pale.

Nilikuwa nyuma na Aliko. Safari hii jua lilikuwa kali, barabara kavu, na bado taa zile nyekundu zilituongoza mlima mzima. Aliko akasema, "Mzee amekuwa mwoga. Zamani aliteremka hapa na tani saba bila kugusa breki, sasa anapanda na breki." Sikumjali, Aliko ana la kusema juu ya kila mtu. Nilikuwa namwomba Mungu.

Ilipotoa moshi, tulisimama mbali. Jubilate alitembea mpaka nilipokuwa, akasimama mbele yangu na mafuta mikononi, akasema, "Mimi nikiendesha inakubali. Baba akiendesha inakataa. Waya ni ule ule, mlima ni ule ule. Rut, nimekosa wapi?"



Jumatatu, 14 Aprili

Hezroni amepiga simu kutoka Tunduma. Amesema kitanda kipo.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemchukia baba mkwe leo. Nilikuwa nafua, nikaona kandambili za bluu zikipita, nikajibanza, na nyuma ya mgomba nikafikiri: mtu huyu ananificha uso wake na anataka kuniondolea uso wa mume wangu. Kisha zile kandambili zikasimama. Zikakaa hapo kitambo. Halafu zikaendelea, ya kushoto ikiburuta. Nilipotoka nikakuta amesogeza gogo nililokuwa nakalia, ameliweka kwenye kivuli. Sasa sijui tena nimchukie vipi.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Lazima niandike yote kwa utaratibu, maana nikiruka kitu nitajichanganya tena.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Tulisukumwa sisi wanawake mpaka karibu na benchi la wazee wa kanisa, na kwa kuwa baba mkwe alikuwa pale, nilikaa nimeinamisha kichwa ibada nzima. Mchungaji alihubiri juu ya jiwe lililovingirishwa kutoka kaburini. Mimi nilikuwa naona viatu vyeusi tu. Cha kulia kilitulia. Cha kushoto hakikutulia. Kilikuwa kinanyanyuka taratibu na kushuka, kinakandamiza ubao mbele yake kidogo, kinaachia nusu, kinakandamiza tena na kubaki hapo kimeegemea. Nilifikiri ni maumivu ya goti. Halafu nikakumbuka nimeona mguu wa namna hiyo wapi: ni miguu ya madereva wa malori pale stendi, wakiwa wamekaa kwenye kahawa. Mguu ule ulikuwa unatafuta klachi.

Klachi Jubilate ameing'oa. Mguu ukishuka ukaikosa klachi, unaangukia wapi? Kwenye pedali pana kama kibao cha kukatia nyama.

Na taa nyekundu njia nzima. Na mimi na mwavuli wangu nikisema imewaka, imezima. Taa za breki zikiwaka, lokapu inaachia.

Sikungoja baraka ya mwisho. Nilimvuta Jubilate nyuma ya kanisa, nikamwambia nikihema. "Haikuharibika. Inaachia kwa sababu umeiambia iachie. Baba anaegemeza mguu kwenye breki, kidogo tu, gari halisimami lakini taa zinawaka. Mimi nimeziona mara zote. Nilidhani anatuonyesha njia."

Nilitegemea anirushe juu. Badala yake uso wake ukawa mgumu.

"Mimi nilikaa pembeni yake. Ningeona."

"Ulikuwa unatazama geji. Na yeye ana koti magotini."

"Kwa hiyo nimwendee baba nimwambie, umeendesha miaka yote hiyo lakini mguu wako ndio mbaya? Nani kauona? Mke wangu, ambaye hatakiwi hata kumtazama?"

"Sikumtazama. Nilitazama viatu."

"Rut."

"Basi nenda Tunduma."

Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza. Pilau ya Pasaka tumeila kila mtu na sahani yake.

Jumatatu, 21 Aprili

Bado.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi alikuja jikoni nikiwa napuliza moto, akachuchumaa, akasema, "Nimekaa kwenye pikapu, nikaliacha goti la kushoto lilegee kama langu si langu. Mguu umeangukia breki." Akachochea kuni. "Nilitaka kuupumzisha mguu wake, nikaupa kazi nyingine."

Nikamwambia hakujua. Akasema hapo ndipo penye shida, kwamba mimi mkewe najua zaidi kuhusu gari lake na sijui hata gia ziko ngapi. Tukacheka, ugomvi ukaisha, na uji ukaungua.

Lakini baba hawezi kuambiwa. Goti lile ni kitu ambacho hakitajwi hapa nyumbani, kama jina lake kwangu. Tulifikiri kumpitishia mama. Mama akasema, "Mimi nimeolewa naye miaka mingi kwa sababu nayajua ya kumwambia. Hilo simo."

Nikawaza vyungu. Mama yangu hamwambii mwanafunzi chungu chake kimepinda. Anakiweka juu ya ubao ulionyooka, anaondoka. Chungu chenyewe kinayumba, na mwanafunzi anaona.

"Weka taa mbele yake," nikamwambia Jubilate. "Ya kijani. Lokapu ikikamata iwake, ikiachia izimike. Usiseme neno juu ya mguu."

Jumamosi, 26 Aprili

Taa imefungwa, ndogo kama punje ya hindi. Baba mkwe aliuliza ni ya nini. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikasikia. Jubilate akasema, "Ikiwaka, giaboksi imekamata na haichemki, baba. Ikizimika, inachemka." Baba akasema, "Mm." Sijui hiyo Mm ina nini ndani.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Maji yamekata barabara. Hakuna gari linalotoka.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mpunga wa juu umeanza kuwa wa dhahabu. Wengine wanaimba wakiutazama. Mimi nikiutazama naona Tunduma.

Jumatatu, 12 Mei

Jubilate amepanga spana zake kwenye begi. Amesema ni kwa ajili ya usafi. Nikazitoa zote nikazipangusa, nikaziacha mezani.

Jumatano, 21 Mei

Barabara imefunguka. Watu wa bondeni wameanza kuvuna. Jumamosi wanapanda. Baba amesema ni mara ya mwisho.

Jumamosi, 24 Mei

Mwagonile, habari zako, daftari langu. Nimerudi, na bado nimechanganyikiwa, ila safari hii ni kwa namna nyingine.

Pikapu ilijaa magunia ya mpunga mpya. Mimi na Aliko tulifuata nyuma na bodaboda kama kawaida. Tulipoanza mwinuko, taa zile mbili nyekundu zikawaka, zikabaki zimewaka. Nikafumba macho. Aliko, ambaye Jubilate alikuwa amemweleza, alinyamaza. Sikujua kwamba anaweza.

Nilipofumbua zilikuwa zimezimika. Zikawaka tena. Zikazimika. Ikawa hivyo kipande kizima cha barabara, zinawaka, zinasita, zinazimika, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole. Nilimwona baba mkwe kichwani mwangu, yeye nisiyemjua uso, akitazama punje ya kijani, kisha akitazama chini.

Halafu zikazimika kabisa.

Tulipita kona kubwa. Tulipita pale pa moshi, na mafuta ya zamani bado yameacha doa kwenye lami. Sauti ya pikapu ikawa imetulia, kama ile siku ya Itungi, mtu amepata kiti, na kweli niliisikia, sikudanganya. Migomba ikapita, chai ikaanza, baridi ikaanza. Tukaingia Tukuyu.

Nilishuka mbali nikageuka na kujifunika. Jubilate alikuja anakimbia, akanikumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo si la huku.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Njia nzima hajasema kitu. Kule chini akalitoa koti magotini, akalirusha nyuma ya kiti. Akauvuta mguu wa kushoto kwa mkono, akauweka chini ya kiti. Tulipofika ndipo akasema, 'Mpigie Hezroni, kitanda ampe mtu mwingine.'"

"Basi?"

"Akauliza, nani alikuambia taa ikae mbele yangu. Nikanyamaza. Akasema, 'Ni aliyekuwa nyuma.' Hakuuliza. Alisema tu."

Jubilate akarudi kwenye pikapu, maana mzigo ulikuwa bado haujashushwa. Nikasimama barabarani, nimeupa mgongo uso wa dunia nzima ila ule mkia wa pikapu, ambao nadhani ninaruhusiwa kuutazama. Injini ikawaka. Gari halikuondoka. Taa za breki zikawaka taratibu, zikazimika. Zikawaka tena, zikakaa, zikazimika.

"Shemeji," Aliko akasema, "mzee anajaribu breki?"

Nilikunja goti pale pale kwenye lami, kama mtu anavyoitikia salamu ya mkubwa, na nikasema ndani ya khanga, kwa sauti ambayo mtu mwingine hawezi kuisikia, "Ndaga fijo," asante sana ya Kinyakyusa.

Pikapu ikaondoka. Sijui kama aliniona kwenye kioo. Kioo hakikutajwa na mtu yeyote waliponifundisha heshima ya mkwe, kama kinahesabika kuwa kutazamana au la. Kesho nitamwuliza mama mkwe. Au sitamwuliza.